Kuandaa Madai ya Bima ya Afya Hospitalini: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Kazi Hii Dar es Salaam

Hospitali nyingi za Dar es Salaam, za umma kama Amana, Temeke na Mwananyamala, na za binafsi zilizotapakaa kuanzia Upanga hadi Mbagala, hutoa huduma leo na kulipwa baadaye. Mgonjwa mwenye bima huonana na daktari, hupimwa, huchukua dawa dirishani na kurudi nyumbani bila kutoa shilingi, na gharama yote hubaki kuwa deni ambalo hospitali italidai kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, au kwa kampuni ya bima iliyomwandikisha. Kazi ya kuligeuza deni hilo kuwa fomu iliyokamilika, yenye misimbo sahihi ya magonjwa na bei sahihi za huduma, ndiyo inayoelezwa hapa, kwa anayetaka kuifanya kuwa ajira na kwa mwenye kituo anayeona makato, yaani fedha ambazo mlipaji anakataa kulipa, yanaongezeka kila mwezi bila kujua yanatokea wapi.

Wengi wanaoanza hudhani kwamba ugumu wa kazi uko kwenye misimbo. Misimbo hujifunzwa, na hata usipoikariri unaweza kuitafuta. Fedha nyingi hupotea kabla ya hapo, katika jalada ambalo halisemi kilichofanyika, na hakuna msimbo unaoweza kuliokoa jalada la namna hiyo. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kusoma majalada.

Mfahamu mlipaji kabla ya kugusa fomu

NHIF ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ikianzia kwa watumishi wa umma, kisha ikapanuka kwa makundi mengine. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo lengo lake ni kila mkazi wa nchi awe na bima. Kampuni binafsi za bima zinasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kila moja ina mkataba wake na hospitali, bei zake na utaratibu wake wa vibali. Kituo kikiwa na mikataba na walipaji saba, basi kina orodha saba za bei, na afisa madai anayetumia orodha ya mmoja kumdai mwingine atakatwa bila mjadala.

Orodha ya NHIF ndiyo inayoitwa kitita cha mafao. Kitita hubadilika, na mabadiliko yake yana uzito: kitita kipya kilipoanza kutumika Machi 2024, hospitali kadhaa za binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa Mfuko kwa kulalamikia bei. Somo la kiutendaji ni kwamba bei zilizomo kwenye mfumo wa kompyuta wa hospitali lazima zibadilishwe siku ileile kitita kipya kinapoanza, na mtu mmoja mwenye jina na cheo akabidhiwe jukumu hilo.

Yupo pia mlipaji ambaye husahaulika. Matibabu ya mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini hudaiwa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Fundi aliyeanguka kwenye jengo linalojengwa Kariakoo anaweza kuwa na kadi ya bima mfukoni, lakini swali la kwanza la kumuuliza, au la kuwauliza waliomleta, ni kama alikuwa kazini.

Hatua ya kwanza: uhakiki wa mapokezi

Dai halali huzaliwa mapokezini. Pale ndipo panapothibitishwa kuwa kadi ni hai, kwamba aliyesimama mbele ya dirisha ndiye mwenye kadi, na kwamba kituo kinaruhusiwa kumhudumia kwa kiwango alichojia. Mfumo wa NHIF ukimkubali mwanachama hutoa namba ya uhakiki kwa ziara ile, na namba hiyo lazima ionekane kwenye fomu. Mgonjwa aliyetoka kituo cha chini kwenda hospitali ya rufaa awe na barua ya rufaa, na nakala yake ibaki kwenye jalada.

Lugha ya dirishani ina nafasi yake. Mhudumu anayesema, “Shikamoo mama, naomba kadi yako na kitambulisho, nihakiki majina yako yalingane,” hupata ushirikiano ambao mhudumu wa “Lete kadi!” haupati, na mama huyo ndiye atakayesema mapema kwamba aliyeletwa kutibiwa ni mtoto wa dada yake ambaye hayumo kwenye kadi. Jambo hilo likijulikana mapokezini, familia inaelezwa kuwa italipa taslimu. Likijulikana baada ya matibabu, ni hasara ya hospitali, na likifichwa ni udanganyifu unaoweza kukigharimu kituo mkataba wake.

Hatua ya pili: kulisoma jalada

Hapa inafaa kukaa. Tuchukue mfano wa kubuni wa mama wa miaka 52 aliyefika kliniki ya wagonjwa wa nje. Daktari ameandika mistari minne: homa siku tatu, maumivu ya kichwa na viungo, kipimo cha haraka cha malaria chanya, pia ana “DM” (kifupi cha kisukari), apewe dawa mseto ya malaria, parasetamo miligramu 500 vidonge viwili mara tatu kwa siku tatu, na metformin miligramu 500 kidonge kimoja mara mbili kwa mwezi mmoja. Fomu iliyotoka kwenye mfumo ina ada ya kumwona daktari, kipimo cha malaria, kipimo cha sukari, vidonge 24 vya dawa mseto, vidonge 30 vya parasetamo na vidonge 60 vya metformin. Sehemu ya ugonjwa imejazwa msimbo mmoja, B54.

Mtu mwenye haraka ataigonga muhuri. Mwenye kuijua kazi ataanza na hesabu. Dawa mseto ya mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi ni vidonge vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, yaani 24, na hapo hakuna tatizo. Metformin ni viwili kwa siku kwa siku 30, yaani 60, nayo iko sawa. Parasetamo ni viwili mara tatu kwa siku tatu, yaani 18, ilhali fomu inadai 30. Vidonge 12 vya ziada vina thamani ndogo, lakini mhakiki wa mlipaji akiviona ataanza kuitilia shaka kila tarakimu ya kituo hicho, kwa hiyo famasia iulizwe ilitoa vingapi na fomu irekebishwe ifuate ukweli.

Kisha kuna kipimo cha sukari. Maabara wana majibu, mgonjwa alichomwa kidole kweli, lakini hakuna mahali daktari alipoagiza. Kwa mhakiki, kipimo kisicho na agizo ni kipimo kisicho na sababu. Mazungumzo yanayofuata ni ya kila siku katika ofisi za madai:

“Dokta, samahani kwa usumbufu. Jalada la mama wa jana mchana, mwenye malaria na kisukari: maabara wamempima sukari, lakini sioni ulipoagiza.”

“Nilimwambia nesi kwa mdomo.”

“Naomba uongeze maelezo, Dokta, uweke tarehe ya leo na saini. Na hiyo DM, ni aina ya kwanza au ya pili?”

Zingatia kwamba daktari anaombwa kuweka tarehe ya leo. Nyongeza iliyoandikwa baadaye ni halali ikiwa inasema wazi imeandikwa lini na nani. Nyongeza iliyorudishwa nyuma kitarehe ili ionekane iliandikwa siku ya matibabu ni kughushi, hata kama kila neno lake ni kweli. Afisa madai mwenyewe haongezi hata herufi moja kwenye maelezo ya daktari, na daktari mkali asikutishe ukaamua kumwandikia.

Kwa mgonjwa aliyelazwa usomaji ni mrefu zaidi. Siku za kitanda zilinganishwe na tarehe za kulazwa na kuruhusiwa. Sindano zilizodaiwa zilinganishwe na karatasi ya wauguzi inayoonyesha kila dozi ilitolewa saa ngapi. Upasuaji uwe na maelezo ya chumba cha upasuaji, jina la mpasuaji na fomu ya ridhaa. Sindano iliyoandikwa na daktari lakini haina alama ya muuguzi kuwa imetolewa haidaiwi.

Hatua ya tatu: misimbo ya magonjwa

Misimbo inayotumika kwenye madai mengi utakayokutana nayo ni ya ICD-10, Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa unaotolewa na Shirika la Afya Duniani. Kila msimbo huanza na herufi, hufuatwa na tarakimu mbili, na mara nyingi nukta na tarakimu ya kufafanua. I10 ni shinikizo la juu la damu lisilo na chanzo kinachojulikana, J18.9 ni nimonia isiyobainishwa kisababishi, A01.0 ni homa ya matumbo. Toleo la ICD-11 lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza rasmi Januari 1, 2022, lakini anayeanza ajifunze ICD-10 kwanza, kwani ndiyo atakayoikuta mezani.

ICD-10 ina juzuu tatu: ya kwanza ni orodha yenyewe, ya pili ni kanuni za matumizi, na ya tatu ni faharasa ya alfabeti. Utaratibu sahihi ni kuanza na faharasa, kulitafuta jina la ugonjwa, kisha kuufuata msimbo hadi kwenye orodha na kusoma maelezo yaliyo chini yake, hasa yale yanayosema nini kimejumuishwa na nini kimeondolewa. Shirika la Afya Duniani limeiweka orodha nzima kwenye tovuti yake bila malipo. Wanaoshindwa ni wale wanaochukua msimbo wa kwanza unaojitokeza kwenye kisanduku cha kompyuta.

Turudi kwa mama yetu. B54 ni malaria isiyobainishwa, na maelezo yake katika orodha yanasema ni malaria iliyotambuliwa kwa dalili pasipo kuthibitishwa kwa vimelea. Fomu inayodai kipimo cha malaria chenye majibu chanya, halafu ikaandika B54, inajipinga yenyewe. Maabara wakionyesha kuwa kimelea ni Plasmodium falciparum, msimbo ni B50.9. Wakithibitisha malaria bila kutaja aina ya kimelea, ni B53.8. Na kama kipimo kingekuwa hasi na daktari asiandike ugonjwa mwingine, msimbo ungekuwa wa homa yenyewe, R50.9, hata kama mgonjwa alipewa dawa mseto kwa tahadhari. Swali la kwa nini alipewa ni la daktari kulijibu.

Kisukari nacho kina mtego wake. “DM” peke yake ni E14.9, kisukari kisichobainishwa. Daktari akiandika aina ya pili bila madhara, ni E11.9, akiandika kuwa mgonjwa ana kidonda cha mguu kilichotokana na mishipa ya damu kuathirika, ni E11.5. Kuona metformin na kuhitimisha mwenyewe kuwa ni aina ya pili kunashawishi, kwani mara nyingi utakuwa sahihi, lakini utambuzi wa ugonjwa ni kazi ya daktari, na ndiyo maana swali liliulizwa kwenye mazungumzo yale ya hapo juu.

Ujauzito hubadilisha mambo. Mjamzito mwenye malaria hupewa kwanza msimbo wa sura ya uzazi, O98.6, kisha B50.9 ya kufafanua. Mjamzito mwenye maambukizi ya njia ya mkojo ni O23.4, wakati mwanamke asiye mjamzito ni N39.0. Kwa majeruhi, msimbo wa jeraha huambatana na msimbo wa chanzo cha ajali. Abiria wa bodaboda aliyegongwa na gari dogo barabarani na kuvunjika mfupa mkubwa wa muundi atakuwa na S82.2 pamoja na V23.5, na msimbo huo wa pili ndio unaomwonyesha mlipaji kuwa ilikuwa ajali ya barabarani, ambayo huenda bima ya chombo ikahusika nayo.

Hatua ya nne: misimbo ya huduma, bei na viwango vya kituo

Hapa ndipo watu waliojifunza kwa video za Marekani huchanganyikiwa. Huko, huduma za daktari huandikwa kwa misimbo ya CPT, ambayo ni mali ya Chama cha Madaktari cha Marekani na hurekebishwa kila mwaka. Fomu ya NHIF, inayofahamika kama 2A na 2B, hutumia misimbo ya huduma iliyomo kwenye kitita cha Mfuko wenyewe. Kuijua CPT hakukusaidii kujaza fomu hiyo, kama ambavyo kukijua kitita hakukupi kazi Chicago.

Kabla ya kuweka bei, angalia kiwango cha kituo. Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu huzipa dawa herufi zinazoonyesha ngazi inayoruhusiwa kuzitumia: A kwa zahanati, B kwa kituo cha afya, C kwa hospitali ya wilaya, D kwa hospitali ya mkoa, na S kwa huduma za kibingwa. Zahanati ikidai dawa ya ngazi ya D haitalipwa, hata kama dawa ilikuwepo kabatini na mgonjwa aliihitaji. Huduma zinazohitaji kibali cha awali, kama baadhi ya vipimo vya gharama kubwa na upasuaji, zisitolewe kwa mgonjwa asiye wa dharura kabla namba ya kibali haijapatikana. Baada ya hapo kinachobaki ni kuzidisha idadi kwa bei, na kompyuta huifanya kazi hiyo vizuri ikiwa imelishwa bei sahihi.

Hatua ya tano: kuhakiki na kutuma

Usisubiri mwisho wa mwezi. Ofisi inayorundika majalada hadi tarehe 30 hugundua matatizo wakati daktari wa zamu amekwenda likizo na mgonjwa ambaye hakusaini amesharudi Kigamboni. Majalada ya leo yasomwe leo au kesho asubuhi, na mwisho wa mwezi ubaki kuwa wa kujumlisha na kutuma.

Siku hizi madai hutumwa kwa mfumo wa kompyuta, na hospitali za umma nyingi hutumia GoTHoMIS kuhifadhi taarifa za wagonjwa. Mfumo huzuia baadhi ya makosa, kama namba ya uhakiki iliyokosekana, lakini hauwezi kujua kwamba vidonge 30 vilipaswa kuwa 18. Kabla ya kutuma, hakikisha hakuna dai lililoingizwa mara mbili, umri na jinsia vinaendana na ugonjwa, na kila fomu ina saini ya mgonjwa au ya ndugu yake. Tunza tarehe ya mwisho ya kuwasilisha iliyomo kwenye mkataba wa kila mlipaji, kwa kuwa dai lililochelewa hufa likiwa halali.

Hatua ya sita: makato na namna ya kuyapinga

Tuseme kituo kimedai shilingi 42,000,000 na kulipwa 36,500,000. Pengo la 5,500,000 ni kama asilimia 13 ya madai yote. Kosa la kawaida ni kulichukua pengo hilo kama jambo moja na kulalamika kwa jumla. Ligawanye kwa sababu, kwa idara na kwa jina la mwandishi wa jalada. Huenda ukakuta 3,000,000 zimetokana na wodi moja isiyojaza karatasi ya dozi, 1,500,000 ni bei za zamani kwenye mfumo, na 1,000,000 tu ndizo zilizokatwa kimakosa na mlipaji. Hizo za mwisho zipinge kwa barua, ukiambatisha nakala ya ukurasa husika wa jalada na kutaja kipengele cha kitita kinachokuunga mkono, ndani ya muda uliowekwa na mkataba. Zile nyingine haziwezi kurudi, na kuzipinga kwa maneno makali humfanya mhakiki asome barua zako zijazo kwa shaka. Zinafaa kupelekwa kwenye kikao cha idara ili mwezi ujao zisitokee.

Siri za wagonjwa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mazoea ya kupiga picha ukurasa wa jalada na kumtumia daktari kwenye kundi la WhatsApp ili asome mwandiko wake mwenyewe yamezoeleka mno, na yanapaswa kukoma. Mpelekee jalada, au mwite ofisini.

Kuifanya kazi hii kuwa ajira

Katika ofisi za madai za jiji hili utawakuta watu wa asili tatu: watu wa kumbukumbu za afya, wauguzi na matabibu waliohama kutoka wodini, na wahasibu. Mtu wa kumbukumbu anajua mafaili, muuguzi anajua kinachowezekana kutokea wodini, na mhasibu anajua kulinganisha kilichodaiwa na kilicholipwa. Kwa maoni yangu, muuguzi au tabibu anayejifunza Excel hufika mbali haraka kuliko mhasibu anayejifunza fiziolojia, ingawa ofisi nzuri huwa na wote. Kijana asiye na taaluma yoyote ya afya aanze na stashahada inayotambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, katika fani ya kumbukumbu au taarifa za afya, ajifunze vifupisho vya madaktari na majina ya viungo vya mwili, na afanye mafunzo ya ICD-10 ya kujisomea yanayotolewa bila malipo na Shirika la Afya Duniani.

Ngazi za ajira haziishii hospitalini. Walipaji nao wanahitaji wahakiki wa madai, na aliyewahi kukaa upande wa hospitali huthaminiwa kwa kuwa anajua mahali panapofichwa udhaifu. NHIF, kwa kuwa ni taasisi ya umma, nafasi zake hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira. Wapo wanaotamani kufanya kazi za Marekani wakiwa hapa Sinza, kwa njia ya mtandao. Inawezekana, lakini ingia ukiwa na macho: waajiri wengi huko hutaka cheti cha uandishi wa misimbo kama CPC, kinachotolewa na chama cha Marekani cha AAPC, ambacho mtihani wake una maswali 100 kwa saa nne, na baadhi ya mikataba ya bima za serikali huko hairuhusu taarifa za wagonjwa kutoka nje ya nchi. Anayekuuzia kozi ya wiki mbili Dar es Salaam kwa ahadi ya dola kila mwezi, mwulize ni mwajiri gani aliyewaajiri wanafunzi wake wa mwaka jana.

Ukipata nafasi, iwe ya mafunzo kwa vitendo au ya ajira, wiki ya kwanza omba vitu vitatu: kitita kinachotumika sasa, mikataba ya walipaji wote, na taarifa za makato za miezi mitatu iliyopita. Soma taarifa za makato kwanza. Zitakuonyesha ni wodi ipi ya kutembelea siku ya Jumatatu, na daktari yupi wa kumwomba dakika tano kabla hajaanza kuona wagonjwa.